VVU na ishara za vimeng'enya ndani ya seli za kinga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa sayansi ya tiba, wataalamu wa maabara, na matabibu wanaotaka kujua kinachoendelea ndani ya seli ya CD4 (seli nyeupe ya damu inayoratibu kinga) baada ya VVU kuingia. Tumechagua VVU kwa sababu ndivyo virusi vilivyochunguzwa kwa kina kuliko vingine katika seli za kinga za binadamu, na sehemu ya utafiti huo imefanyika hapa hapa Afrika Mashariki. Kuna swali moja ambalo ni vema kuwa nalo kichwani kila unapoambiwa kwamba "VVU hupandisha kimeng'enya fulani" au "hushusha" kingine: ni katika seli gani? Iliyoambukizwa, au jirani yake? Matokeo mengi yanayoonekana kupingana huacha kupingana ukishalijibu.

"Ishara ya kimeng'enya" maana yake nini?

Seli ya CD4 inapokutana na kipande cha kijidudu, kipokezi kilicho juu ya utando wake hakipeleki ujumbe chenyewe hadi kwenye kiini. Hutegemea mlolongo wa vimeng'enya. Cha kwanza huitwa Lck, ambacho hukaa kimeshikamana na mkia wa CD4 upande wa ndani. Lck hubandika fosfeti kwenye minyororo ya CD3; hapo kimeng'enya cha pili, ZAP-70, hupata pa kukaa na kuanza kubandika fosfeti kwenye protini za LAT na SLP-76. Kisha huja PLC-gama 1, ambacho hukata mafuta ya utando na kutoa vipande viwili: kimoja hufungulia kalsiamu, kingine huamsha kimeng'enya cha PKC na mlolongo mwingine wa ishara, kutoka protini ya Ras hadi kimeng'enya cha ERK. Mwisho wa safari, NFAT na NF-kB, protini zinazowasha jeni, huingia kwenye kiini na jeni husomwa.

Vimeng'enya vinavyobandika fosfeti huitwa kinasi, na binadamu ana jeni zaidi ya 500 za aina hiyo. Vinavyoibandua huitwa fosfatasi, na ni kosa kuvisahau. Lck ina sehemu mbili za kutazamwa: tairosini ya 394, ambayo ikiwa na fosfeti kimeng'enya kimewaka, na tairosini ya 505, ambayo ikiwa na fosfeti kimejikunja na kulala. Fosfatasi ya CD45 ndiyo huondoa fosfeti ya 505. Ukipima "Lck yenye fosfeti" bila kutaja ni tairosini ipi, hujapima kitu.

VVU vina jeni 9 tu. Vinawezaje kuvuruga mfumo mkubwa hivyo?

VVU havina kinasi yoyote. Vinachofanya ni kukamata vimeng'enya vya seli na kuvihamisha, kuviunganisha na visivyostahili kukutana navyo, au kuvipeleka kwenye proteasomu, mashine ya seli ya kuvunja protini, vikavunjwe. Protini ya Nef ni mfano bora. Ni ndogo, takriban kilodaltoni 27, haina uwezo wa kimeng'enya hata kidogo, na hutengenezwa mapema kabisa baada ya maambukizi, pamoja na Tat na Rev, protini nyingine za virusi. Lakini ina sehemu za kushikia protini nyingi za seli.

Kwa mkono mmoja Nef huunganisha CD4 na AP-2, protini ya usafirishaji ndani ya seli, na CD4 huvutwa ndani na kusagwa kwenye lisosomu. Kwa mwingine huiondoa MHC daraja la kwanza, protini inayoonyesha vipande vya virusi, juu ya seli kupitia AP-1, ili seli za CD8, ambazo huua seli zilizoambukizwa, zisiione. Humkamata pia Lck na kumtoa pembezoni mwa seli hadi kwenye vifuko vilivyo karibu na kiini. Na hushirikiana na kinasi iitwayo PAK2, ambayo matokeo yake ni kofilini kupata fosfeti. Kofilini yenye fosfeti haifanyi kazi, nyuzi za aktini (kiunzi cha seli) hazivunjwi na kujengwa upya, na seli hutambaa kwa shida. Seli ya CD4 isiyotambaa haiwezi kuzunguka ndani ya tezi la limfu kuwasaidia wenzake.

Umuhimu wa Nef kwa binadamu ulionekana Sydney, Australia, ambako kundi la watu walioongezewa damu ya mchangiaji mmoja walikuwa na virusi vyenye jeni ya nef iliyokatika. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1995: walikaa miaka mingi bila ugonjwa kuendelea. Baadhi yao CD4 zilianza kushuka baadaye, kwa hiyo Nef si kila kitu, ila ni sehemu kubwa.

Basi Nef huzima ishara au huiwasha?

Yote mawili, na hapa ndipo wanafunzi wengi huchanganyikiwa. Kwenye utando, mahali seli mbili zinapogusana, ishara hudhoofika kwa sababu Lck hayupo. Lakini Lck huyo aliyehamishiwa ndani anaendelea kuwaka, na kutoka huko huchochea njia ya Ras na ERK. Matokeo ni seli isiyoitikia vizuri adui, lakini iliyoamshwa kiasi cha kutosha kusoma jeni za virusi. Virusi vikiizima seli kabisa vitakosa nyukliotidi na NF-kB. Vikiiamsha mno itakufa mapema.

Kwa hiyo ukipima ZAP-70 dakika 2 baada ya kuchochea utaandika "imeshuka", na mwenzako aliyepima ERK au IL-2 (saitokini, yaani protini ya ujumbe kati ya seli) ataandika "imepanda". Wote mko sahihi.

Je, mabadiliko huanza kabla virusi havijaingia?

Ndiyo. Gp120, protini ya ganda la virusi, inapogusa CXCR4, kipokezi hicho hutuma ishara yake ya kawaida na kofilini huamshwa kwa muda mfupi. Aktini iliyo chini ya utando hulegea, na virusi hupata njia kwenye seli iliyotulia. Zingatia kwamba hii ni kinyume cha kile Nef hufanya baadaye. Muda wa kupima hubadilisha jibu: dakika 5 na saa 48 si jaribio moja.

SAMHD1 na APOBEC3G ni nini, na kwa nini vinatajwa sana?

Ni vimeng'enya vya kujihami. SAMHD1 huvunja dNTP, yaani matofali ya kujengea DNA, hadi virusi vishindwe kunakili RNA yao. Kazi yake dhidi ya VVU iligunduliwa mwaka 2011. Iko kwa wingi katika makrofaji, seli za dendriti na seli za CD4 zilizotulia. Swichi yake ni fosfeti kwenye threonini ya 592: seli inapogawanyika, kinasi za CDK1 na CDK2 huibandika, na SAMHD1 huacha kuzuia virusi. Ndiyo sababu kuamsha seli huifanya iwe rahisi kuambukizwa. VVU aina ya pili vina protini ya Vpx inayoipeleka SAMHD1 kuvunjwa. VVU aina ya kwanza havina Vpx.

APOBEC3G, iliyotambuliwa mwaka 2002, hubadilisha herufi C kuwa U katika DNA changa ya virusi hadi maandishi yote yanaharibika. VVU huijibu kwa Vif, ambayo huipeleka APOBEC3G kwenye proteasomu.

Kwa nini seli nyingi za CD4 zinazokufa hazizalishi virusi?

Kwenye tishu za limfu seli nyingi zimetulia. Virusi huingia, huanza kunakili, hukwama katikati. Vipande vya DNA vilivyoachwa hutambuliwa na kihisi cha IFI16, kaspasi ya 1 (kimeng'enya cha kuanzisha kifo cha seli) huamshwa, na seli hufa kwa pairoptosisi: hutobolewa matundu, huvimba, hupasuka na kumwaga nje IL-1 beta, ishara ya mchochota. Kazi zilizochapishwa 2013 na 2014 kutoka San Francisco zilionyesha kwamba hiyo ndiyo njia ya vifo vingi katika tishu hizo. Kaspasi ya 3, ile ya kifo cha kimyakimya, huhusika zaidi katika seli chache zinazozalisha virusi. IL-1 beta iliyomwagika huita seli nyingine za CD4, nazo huja kuambukizwa, na mzunguko huendelea.

Kuna kihisi kingine, CARD8, ambacho hukatwa na protiasi ya VVU yenyewe, yaani kimeng'enya cha virusi kinachokata protini. Kikikatwa, mwisho wake huachiliwa na kuamsha kaspasi ya 1. Kwa kawaida protiasi hukaa kimya hadi virusi vipya vitoke nje ya seli, lakini mwaka 2021 ilionyeshwa kwamba dawa kama efavirenzi na rilpivirini huifanya iwake mapema ikiwa bado ndani, na seli iliyoambukizwa hufa. Wengi waliotumia efavirenzi kwa miaka hawakujua kwamba dawa hiyo ina tabia hiyo pembeni. Si tiba ya kumaliza VVU, lakini ina athari kwa majaribio ya maabara, kama tutakavyoona chini.

Mgonjwa anameza dawa vizuri, virusi havionekani kwenye kipimo. Mbona bado kinga yake ina mchochota?

Dawa za kufubaza huzuia virusi vipya. Haziponyi papo hapo yaliyoharibika. Ukuta wa utumbo ni mfano. Seli za CD4 za utumbo huisha mapema, ukuta hupoteza ulinzi, na vipande vya bakteria kama LPS hupenya hadi kwenye damu. LPS hugusa kipokezi cha TLR4 kwenye monosaiti (aina ya seli nyeupe), kinasi za IRAK huamshwa, na NF-kB huendelea kuwaka. Hizi ni seli ambazo hazijawahi kuguswa na virusi. Kila ukiona ishara imepanda kwa monosaiti za mgonjwa anayetumia dawa, fikiria utumbo kwanza.

Kimeng'enya cha pili cha kufuatilia ni IDO. Huamshwa na interferoni, protini za kupambana na virusi, na hugeuza triptofani kuwa kinurenini. Kinurenini na mazao yake hudhoofisha seli za Th17, ambazo ndizo hulinda ukuta wa utumbo, kwa hiyo tatizo hujilisha lenyewe. Uwiano wa kinurenini kwa triptofani hupimwa kwenye plazima, na katika watu walioanza dawa Mbarara, Uganda, uwiano mkubwa uliambatana na CD4 kupanda polepole na vifo zaidi (taarifa ya 2014). Ni moja kati ya vipimo vichache vya shughuli ya kimeng'enya vilivyothibitishwa kwa wagonjwa wa ukanda huu, na inasikitisha kwamba maabara chache zinaweza kukifanya.

Cha tatu ni uchovu wa seli. PD-1, kipokezi cha breki, huongezeka juu ya seli zinazopambana na VVU kwa muda mrefu, na mkia wake huita fosfatasi ya SHP-2, ambayo hubandua fosfeti, hasa kwenye CD28, kipokezi saidizi cha kuamsha seli. Utafiti uliofanywa Durban na kuchapishwa 2006 uliona kwamba kadiri PD-1 ilivyokuwa nyingi ndivyo virusi vilivyokuwa vingi na CD4 chache, na kwamba kuizuia PD-1 kwenye maabara kulirudisha uwezo wa seli.

Kipimo cha CD4 au cha wingi wa virusi kinaonyesha haya?

Hapana. CD4 ni hesabu ya seli, wingi wa virusi ni hesabu ya RNA. Mtu anaweza kuwa na CD4 700 na seli zake ziitikie saitokini ya IL-7 kwa unyonge. Kupima ishara bado ni kazi ya utafiti, na tabibu asibadilishe dawa kwa sababu yake.

Nataka kupima fosfeti kwenye seli za damu. Nichukue damu kwenye kichupa gani?

Heparini ya sodiamu. EDTA hushika kalsiamu, na ishara nyingi unazozitafuta zinategemea kalsiamu. Damu ikae joto la chumba, si kwenye barafu wala friji.

Muda ndio huharibu majaribio mengi. Fosfeti huweza kubanduliwa ndani ya dakika chache baada ya kichocheo kuondolewa, na kwa upande mwingine damu iliyokaa hadi kesho yake huwa na granulosaiti (seli nyeupe zenye chembechembe) zilizoamka, nyepesi kuliko kawaida, ambazo huelea pamoja na limfosaiti wakati wa kutenganisha. Hizo humwaga kimeng'enya cha ajinasi, na ajinasi hushusha mnyororo wa zeta wa CD3. Mtafiti huona seli za T zisizoitikia na kulaumu VVU, kumbe ni gari lililochelewa kutoka kliniki ya wilaya. Weka kikomo cha saa 8 tangu kuchoma sindano, na uandike muda kwenye kila sampuli. Wagonjwa na watu wa kulinganisha wachukuliwe siku moja na wasafirishwe pamoja.

Kutenganisha seli: nifuate vipimo gani?

Changanya damu na chumvichumvi ya PBS nusu kwa nusu, imimine taratibu juu ya kimiminika cha kutenganishia chenye msongamano wa gramu 1.077 kwa mililita, zungusha kwa 400 g dakika 30, breki imezimwa. Tarajia seli milioni 1 hadi 2 kwa kila mililita ya damu.

Kosa la kwanza ni kusoma g kama mizunguko kwa dakika. Tumia hesabu hii: g = 0.00001118 × nusu kipenyo kwa sentimita × mizunguko kwa dakika iliyozidishwa kwa yenyewe. Kwa mashine yenye nusu kipenyo cha sm 17, 400 g ni takriban mizunguko 1,450. Mashine nyingine haina urefu huo, kwa hiyo pima yako kwa rula.

Kosa la pili ni joto. Vipimo vya kimiminika hicho vimewekwa kwa nyuzi 18 hadi 20. Mombasa au Dar es Salaam, chumba kisicho na kiyoyozi hufika 30 kwa urahisi. Kimiminika hupungua msongamano, limfosaiti huzama pamoja na chembe nyekundu, na mavuno hushuka. Kikiwa cha baridi kutoka friji, granulosaiti hubaki juu na kukuchafulia safu. Acha kila kitu kifike joto sahihi kabla ya kuanza.

Hatua za kupima kwa saitometri (kusoma mwanga wa seli moja moja) ni zipi?

Hii hutupatia matokeo thabiti kwa STAT (protini zinazopeleka ujumbe wa saitokini hadi kwenye kiini) na ERK:

1. Baada ya kuosha, acha seli zipumzike kwenye nyuzi 37 kwa saa 1 hadi 2. Zilizokuwa zimegandishwa kwenye naitrojeni zipumzike usiku kucha.
2. Gawa seli, laki 5 hadi milioni 1 kwa kila kichupa. Kimoja kisichochochewe, kimoja kiwe na kichocheo.
3. Vichocheo: IL-7 nanogramu 10 kwa mililita kwa dakika 15 ukitafuta STAT5 (tairosini 694), interferoni alfa kwa dakika 15 ukitafuta STAT1 (tairosini 701), kemikali ya PMA kwa dakika 15 ukitafuta ERK. Kwa CD3 na CD28 usizidi dakika 2 hadi 5 ukitaka vimeng'enya vya karibu na utando.
4. Usioshe kwanza. Mimina paraformaldehidi hapo hapo hadi ifike asilimia 1.6, dakika 10.
5. Zungusha, mwaga, kisha ongeza methanoli ya barafu asilimia 90 huku ukitikisa kichupa, la sivyo seli hushikamana. Acha dakika 30 kwenye barafu.
6. Osha mara mbili kuondoa methanoli yote, weka kingamwili zenye rangi, dakika 30 hadi 60, soma.

Ukipendelea damu nzima, chochea moja kwa moja kisha ongeza ujazo 20 wa kemikali ya kupasua chembe nyekundu na kukaza seli, iliyopashwa hadi nyuzi 37, kwa kila ujazo 1 wa damu. Ikiwa ya baridi, chembe nyekundu hazipasuki zote.

Methanoli huua rangi za protini kama PE na APC zikiwa tayari kwenye seli. Zibandike baada ya methanoli, au tumia rangi ndogo zinazoivumilia. Pia kingamwili nyingi za CD4 hupoteza mahali pa kushikia. Jaribu kloni ya kingamwili yako kwa damu ya mtu mzima wa afya kabla ya kugusa sampuli ya mgonjwa.

Andika matokeo kama uwiano wa thamani ya kati (median) ya mwanga, ya seli zilizochochewa kwa zisizochochewa, kwa mtu yule yule. Namba ya mwanga peke yake haina maana kati ya siku mbili.

Nimeambukiza seli kwenye maabara lakini sioni tofauti. Nini kimeenda mrama?

Kuna mambo manne, kwa mpangilio wa mara tunavyokutana nayo.

La kwanza: umepima kapu zima. Ikiwa asilimia 5 ya seli zimeambukizwa, zilizobaki 95 ndizo unazozisoma. Ongeza kingamwili ya p24, protini ya virusi vyenyewe, na utenge zenye p24 na zisizo nayo katika kichupa kimoja. Zisizo nayo ndizo jirani, na ni kundi la kulinganisha bora kuliko kichupa kisichowekewa virusi, kwa sababu zimeogelea kwenye saitokini zile zile.

La pili: umechagua seli kwa CD4. Nef na Vpu, protini nyingine ya VVU, zimeiondoa CD4, kwa hiyo umezitupa hasa seli ulizozitafuta. Chagua CD3 chanya, CD8 hasi.

La tatu: seli zilikuwa zimeamka tayari. Ili ziambukizwe huwekewa kichocheo cha PHA na IL-2 siku 2 au 3, na IL-2 yenyewe huwasha STAT5. Osha na uziache bila saitokini saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo.

La nne: p24 uliyoiona ni ya virusi vilivyoganda juu ya seli, havijaingia. Weka kichupa chenye kizuizi cha kunakili RNA na utumie hicho kuchora mpaka. Kizuizi kiwe emtrisitabini au zidovudini. Efavirenzi isitumike hapa, maana huiwasha protiasi na kuua seli zenye virusi kupitia CARD8; utadhani umezuia maambukizi kumbe umezifuta seli. Ikiwa badiliko linabaki hata kizuizi kikiwepo, basi limetokana na ganda la virusi kugusa seli. Likitoweka, limehitaji virusi kunakiliwa. Ongeza virusi visivyo na nef na utajua kama Nef ndiye mhusika.

Kwa nini bendi zangu za fosfeti kwenye bloti (kipimo cha protini zilizohamishiwa kwenye utando) ni hafifu au chafu?

Angalia kizuizi cha fosfatasi. Vanadeti ya sodiamu (milimola 1) lazima iamilishwe: rekebisha pH hadi 10, chemsha hadi rangi ya manjano ipotee, rudia hadi ibaki bila rangi na pH isibadilike. Isiyoamilishwa haizuii fosfatasi za tairosini vizuri. Ongeza floraidi ya sodiamu na beta gliserofosfeti kwa ajili ya serini na threonini. PMSF huharibika haraka majini, kwa hiyo iongezwe dakika ya mwisho. Funika utando kwa albumini ya ng'ombe badala ya maziwa ya unga: kaseini ya maziwa ina fosfeti tele na baadhi ya kingamwili huishika. Na kila bloti ya fosfeti iambatane na ya protini nzima, vinginevyo hujui kama fosfeti imepungua au protini yenyewe.

Naweza kutumia seli za maabara zisizokoma kugawanyika, kama Jurkat au THP-1?

Kwa mazoezi, ndiyo. Kwa hitimisho, tahadhari. Jurkat, zenye asili ya seli T, hazina fosfatasi za PTEN wala SHIP, kwa hiyo kinasi ya AKT huwaka saa zote. Matokeo yoyote ya njia ya PI3K, ambayo huiwasha AKT, humo hayaaminiki. THP-1 hugeuzwa kuwa makrofaji kwa PMA, ambayo huiamsha PKC moja kwa moja. Ziache siku 2 au 3 bila PMA kabla ya kupima. Thibitisha kwa seli za damu za watu wasiopungua watatu.

Watu wa kulinganisha nao watoke wapi?

Mtaa ule ule. Malaria huwasha njia za interferoni, kifua kikuu na minyoo hubadilisha STAT, na virusi vya CMV vimeenea karibu kwa kila mtu mzima hapa. Ukimlinganisha mgonjwa wa Kisumu na damu iliyonunuliwa Ulaya, utapima tofauti ya maisha, VVU vikiwa sehemu ndogo tu. Pima malaria siku ya kuchukua damu.

Mfano mzuri wa ulinganisho wa mahali pamoja ni wanawake wa Pumwani, Nairobi, waliofuatiliwa tangu 1985. Baadhi yao hawakuambukizwa licha ya kukutana na VVU mara nyingi, na seli zao za T zilionekana kutulia kuliko za wenzao. Hilo ndilo lililozaa wazo la jibu linalofuata.

Je, aspirini huzuia VVU?

Haijathibitishwa. Aspirini huzima vimeng'enya vya COX. Jaribio lililofanywa Nairobi na kuchapishwa 2018 liliwapa wanawake dozi ndogo ya aspirini kila siku kwa wiki 6, na seli zinazolengwa na VVU kwenye njia ya uzazi zilipungua. Hilo ni badiliko la seli, halikuhesabu maambukizi. Mwenye vidonda vya tumbo asijaribu, na PrEP (dawa za kujikinga kabla ya kukutana na VVU) na kondomu zina ushahidi ambao aspirini haina.

Kuna dawa ya kimeng'enya iliyothibitishwa kuwasaidia wanaoishi na VVU, mbali na ARV?

Pitavastatini, miligramu 4 kwa siku. Huzuia kimeng'enya cha HMG-CoA riduktasi kwenye ini, na jaribio la REPRIEVE, lililotangazwa 2023 likiwa na washiriki 7,769 kutoka nchi nyingi zikiwemo za Afrika, lilionyesha matukio makubwa ya moyo yakipungua kwa takriban theluthi moja. Ruksolitinibi, inayozima kinasi za JAK1 na JAK2, imejaribiwa kwa muda mfupi kwa watu wanaotumia ARV, lakini si sehemu ya matibabu.

Vidonge vya "vimeng'enya vya kinga" vinavyouzwa madukani na mitandaoni ni habari nyingine. Kimeng'enya ni protini. Ukikimeza humeng'enywa tumboni kama maharage. Hakifiki ndani ya seli ya CD4.

Rifampisini huathiri vimeng'enya. Ndiyo hii mnayoizungumzia?

Hapana. Rifampisini huongeza vimeng'enya vya ini na utumbo vinavyoondoa dawa mwilini, ndiyo maana dolutegraviri miligramu 50 hutolewa mara mbili kwa siku kwa mwenye kifua kikuu anayeitumia. Hiyo haihusiani na ishara za seli za kinga.

Virusi vingine navyo hufanya hivi?

Kila kimoja kwa njia yake. Protini ya VP24 ya Ebola huzuia STAT1 yenye fosfeti isiingie kwenye kiini, kwa hiyo ukipima fosfeti peke yake utaona kila kitu ni sawa ilhali ishara haifiki. Hapo inabidi utazame STAT1 iko wapi ndani ya seli. Protini ya V ya surua huishika STAT1 na STAT2. EBV, virusi vinavyohusishwa na saratani ya Burkitt iliyoelezwa kwanza kwa watoto wa Uganda, vina LMP2A, inayoiga kipokezi cha seli B na kuwakamata kinasi Lyn na Syk.

Sampuli iliyokazwa kwa paraformaldehidi inaweza kutoka kwenye chumba cha usalama?

Iwapo tu maabara yako imethibitisha yenyewe kwamba mkusanyiko, muda na joto unavyotumia vinaua VVU katika ujazo huo wa seli. Mabonge ya seli hukinga virusi vilivyo katikati, kwa hiyo tikisa kichupa kabla na baada ya kukaza. Seli hai zilizoambukizwa hazitoki kabisa, na kuzungusha kufanyike kwenye vikombe vyenye vifuniko, ambavyo hufunguliwa ndani ya kabati la usalama wa kibaiolojia.